Kompyuta Kama Daftari la Wakati

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wakati nao ni mali, lakini ni wachache wauandikiao daftari. Mwanafunzi wa Nyasubi, mjini Kahama, aketiye mbele ya kompyuta tangu saa 8 hadi saa 10 mchana, aweza kuondoka akiamini kwamba amesoma kwa saa mbili. Je, ndivyo ilivyo? Mashine hiyo hiyo yaweza kumjibu.

Hapo kale kilichohesabiwa ni wakati wa mashine, wala si wa mtu. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta, marufuku ambayo iliondolewa baadaye. Mashine za enzi hiyo zilikuwa ghali mno, hata katika vituo vingi vya ng'ambo kila mtumiaji aliandikiwa sekunde alizozitumia. Leo bei imeshuka, na kilicho adimu ni saa za mtu mwenyewe.

Hesabu hiyo hufanywaje? Ndani ya kompyuta mna saa inayoendeshwa na kipande cha fuwele, ambacho kwa kawaida hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Idadi hiyo ikigawanywa kwa 2 mara 15 mfululizo, hubaki 1, yaani pigo moja kwa kila sekunde. Programu ya kufuatilia matumizi huisoma saa hiyo, ikaandika ni kazi gani iliyo wazi kwenye kioo na ni lini vitufe viliguswa. Visipoguswa kwa dakika kadhaa, huandika kwamba mtumiaji hayupo. Ikumbukwe kwamba siku ya kompyuta huanza usiku wa manane. Kwa hiyo 14:00 ndiyo saa 8 mchana.

Ichukuliwe kwamba daftari la zile dakika 120 laonyesha hivi: kuandika insha 45, kutafuta habari 15, filamu 40, na bila kugusa kitu 20. Kazi iliyoonekana ni dakika 60, nusu tu. Wakazi wa ukanda wa dhahabu wanaelewa jambo hili: uzito wa mwamba si uzito wa dhahabu iliyomo.

Hata hivyo, kila chombo cha kupimia kina mipaka yake. Huenda katika zile dakika 20 mwanafunzi alikuwa akikokotoa hesabu kwenye karatasi, na huenda filamu ile ilihusu moyo wa binadamu. Mashine hupima mguso, haipimi fikra. Hapana budi maana itolewe na mwenyewe.

Mwalimu aweza kuligeuza jambo hili kuwa jaribio la wiki moja. Kwanza kila mwanafunzi akisie na kuandika jinsi anavyotumia wakati wake. Kisha alinganishe makisio hayo na daftari la mashine. Hatimaye abadilishe jambo moja tu, apime tena. Panapo kompyuta moja kwa wengi, kila mmoja aingie kwa jina lake, dakika zisichanganyike. Na daftari libaki mali ya mwanafunzi, kwa maana likitumiwa kumshitaki, atajifunza kulidanganya, na kipimo kitakuwa kimekufa.