Je, Wajua? Dadaab Ilipewa Siku 14 Katikati ya Korona

Machi 2021, wimbi la tatu la korona likiwa limepamba moto, serikali ya Kenya iliipa UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, siku 14 kutoa mpango wa kufunga kambi za wakimbizi za Dadaab, kaunti ya Garissa, na Kakuma, Turkana. Dadaab pekee, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, ilikuwa na wakimbizi zaidi ya 200,000. Ajabu ni kwamba Aprili 2020 serikali hiyo hiyo ilipiga marufuku kuingia na kutoka kambini ili kuzuia virusi.

Aprili 8, 2021, Mahakama Kuu ilisimamisha kufungwa huko kwa siku 30. Kwangu mimi, amri ile ilikuwa kinga ya afya sawa na barakoa. Familia iliyotimuliwa hubanana kwa jamaa, watoto na wazee chumba kimoja, jerikeni moja ya kunywa na kunawa. Ndiyo maana Septemba 2020 CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilizuia kufukuzwa kwa wapangaji wengi walioshindwa kulipa kodi.

Baadaye serikali na UNHCR walikubaliana kambi zifungwe kufikia Juni 30, 2022. Tarehe ikapita, kambi zikabaki.

Kambi ikifungwa, anayeumia zaidi ni mgonjwa wa kifua kikuu. Matibabu yake huchukua takriban miezi 6, na akikatiza dawa, ugonjwa unaweza kuwa sugu. Kadi yake iko kliniki ya Hagadera. Akiwa njiani kuelekea Liboi, mpakani na Somalia, nani atampa tembe za kesho?