Krismasi kwenye spika, asiye na dini kwenye foleni

Wiki ya pili ya Desemba iliyopita niliingia supamaketi moja ya Dar es Salaam kununua mchele, mafuta ya kula na sabuni. Boney M walikuwa wakiimba "Mary's Boy Child". Nilizunguka na toroli langu, nikapanga foleni ya kulipia, na kabla zamu yangu haijafika wimbo uleule ukarudi. Keshia alikuwa binti aliyejitanda mtandio mweusi. Mikono ilikuwa inapitisha bidhaa kwenye mashine, midomo inafuatisha maneno ya kuzaliwa kwa Yesu bila kutoa sauti.

"Dada, naona umeshaukariri," nikamwambia.

"Kaka, tangu Novemba," akajibu. "Hata nikilala naimba."

Niliyekuwa naye ni mwalimu mstaafu. Tulifundisha shule moja miaka mingi, na ni mtu asiye na dini. Alilelewa kanisani, akaimba kwaya mpaka utu uzima, kisha imani ikamtoka polepole bila kugombana na mtu. Tulipokuwa tunapakia vitu kwenye bajaji nikamuuliza kama nyimbo zile zinamkera. Akafikiri kidogo, akasema wimbo wenyewe haumkeri. Kinachomchosha ni kudhaniwa. Kijana aliyemfungia mfuko alikuwa amemwambia "Bwana asifiwe", akasimama kusubiri kiitikio.

Jambo hilo la kudhaniwa ni zito kuliko linavyoonekana. Mwalimu aliwahi kulazwa hospitali. Muuguzi aliyekuwa anajaza fomu alipofika kwenye nafasi ya dini, mgonjwa akamwambia hana. Muuguzi alimtazama, akalisoma tena jina lake la ubatizo, akaandika "Mkristo" na kuendelea na swali lingine. Hakuwa na nia mbaya. Kwetu jina la mtu hutosha kumpa dini, na aliyeiacha hana hata neno zuri la kuitwa. Ukisema "mpagani", watu wanasikia mtu asiye na adabu. Ukisema "mkanamungu", wanasikia mtu anayeshindana na Mungu. Mwalimu si wa kwanza wala wa pili, kwa hiyo mara nyingi hunyamaza.

Wako wangapi kama yeye? Kwa Tanzania hakuna hesabu ya kuaminika, kwa sababu sensa yetu iliuliza dini kwa mara ya mwisho mwaka 1967. Wenzetu wa Kenya bado wanauliza, na sensa yao ya 2019 ilipata zaidi ya watu 750,000 waliosema hawana dini. Hao ni wateja. Wananunua unga, wanavalisha watoto, na Desemba wanapanda mabasi kwenda kula sikukuu kwao kama sisi wengine. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa imani na wa kubadili dini yake. Uhuru huo ni wa Mwalimu pia, hata akiwa kwenye foleni ya supamaketi.

Lakini maduka hayafanani. Pale mtaani kwetu yupo mama anayeuza vitenge na nyuzi. Nyimbo za injili zinalia kwake mwaka mzima, kutoka kwenye redio ndogo ya fleshi iliyofungwa kwa mpira juu ya rafu. Kariakoo, mwezi wa Ramadhani, utapita kwenye maduka ya kanzu na tende ukisikia kaswida au Kurani ikisomwa. Hapo anayezungumza ni mwenye duka. Ile ni imani yake, na mteja anayeingia anaingia kama mgeni barazani kwa mtu. Mwalimu hununua uzi kwa yule mama kila mara na hajawahi kulalamika. Anasema kwaya inayoimba kwa kuamini humgusa mpaka leo, na siku ya maziko ya mama yake aliimba tenzi zote kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa zilikuwa nyimbo za mama.

Supamaketi kubwa haina baraza wala imani. Ina biashara, na muziki ni sehemu ya biashara hiyo. Mwaka 1982 mtafiti wa Marekani, Ronald Milliman, alichapisha matokeo ya jaribio alilofanya supamaketi: muziki wa taratibu ulipopigwa wateja walitembea polepole zaidi, na mauzo yakazidi kwa takriban asilimia 38 kulinganisha na siku za muziki wa haraka. Kwa hiyo anayeukuta muziki dukani asidhani umewekwa pale kwa bahati tu.

Na nyingi ya nyimbo zenyewe zina dini kidogo sana. "Jingle Bells", aliyoitoa James Lord Pierpont mwaka 1857, inasimulia mbio za kigari cha farasi kwenye theluji na haitaji Krismasi hata mara moja. "White Christmas", iliyovuma kwa sauti ya Bing Crosby mwaka 1942, ilitungwa na Irving Berlin, Myahudi. Hadithi ya Rudolph, yule paa mwenye pua nyekundu, iliandikwa mwaka 1939 na Robert May, mfanyakazi wa kampuni ya maduka ya Montgomery Ward, ili igawiwe bure kwa watoto wa wateja. Wimbo wake ulifuata miaka kumi baadaye. Theluji yetu sisi iko juu Kilimanjaro peke yake, lakini kila Desemba tunaimbiwa theluji katika joto la Dar es Salaam.

Nawahurumia Wakristo pia katika jambo hili. "Silent Night" iliimbwa mara ya kwanza katika kanisa dogo la Oberndorf, Austria, mkesha wa Krismasi wa 1818, maneno ya padri Joseph Mohr na muziki wa Franz Xaver Gruber. Ni wimbo wa usiku na utulivu. Kuupiga saa saba mchana, ukikatizwa na tangazo la punguzo la bei ya nepi, ni kuushusha hadhi. Muumini anauona unageuzwa chambo, na asiyeamini anaona kama anahubiriwa na spika.

Sitaki mtu azime Krismasi. Mwalimu naye hataki, na alinisisitizia niliandike hilo. Ombi letu ni dogo. Wenye supamaketi, punguzeni sauti ili mteja aweze kumsikia keshia. Changanyeni nyimbo, maana muziki wa dansi na taarabu tunao wa kutosha. Anzeni Desemba, msianze Novemba. Wafundisheni vijana wenu kusema "karibu" na "asante", maneno ambayo kila mteja anaweza kuyaitikia kwa moyo mweupe. Na kabla hamjaweka fleshi ya nyimbo za Krismasi kwenye mashine kwa mwezi mzima, muulizeni kwanza binti wa kwenye kaunta, anayeisikia tangu asubuhi mpaka mnapofunga.