Njia ya Gari Nyumbani Huanza na Mtaro

Mvua za Machi hadi Mei zikishika Githongo, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, njia nyingi za kuingilia nyumbani hugeuka matope. Mwenye boma huagiza lori la kokoto, zikamwagwa juu ya tope, na msimu unaofuata hazionekani. Chimba kidogo penye alama za magurudumu utazikuta: zimezama, na udongo mwekundu umepenya kati ya jiwe na jiwe hadi juu. Kokoto hazina kosa. Maji ndiyo hayakupewa pa kupitia.

Udongo wa miteremko hii umetokana na miamba ya volkano, na una mfinyanzi mwingi. Ukiwa mkavu hubeba lori la majani chai, ukilowa hubonyea. Mjenzi wa barabara kutoka Uskoti, John McAdam (1756–1836), alilishikilia sana jambo hili: uzito hubebwa na udongo mkavu wa chini, na kazi ya mawe ni kuukinga usilowe.

Kwa hiyo anza na mtaro upande wa juu wa njia, uyapokee maji ya shambani kabla hayajafika. Njia ikikatiza mtaro, weka kalavati. Kisha ondoa udongo wa juu wenye mizizi, sentimita 20 hivi, na ushindilie sakafu kwa rola au kompakta.

Panga tabaka la kwanza kwa mawe makubwa yaliyovunjwa, unene wa sentimita 10, ushindilie. Juu yake mwaga sentimita 5 za kokoto ndogo zilizochanganyika na vumbi lake la mawe, ushindilie tena. Chagua mawe yenye kona, kwa kuwa hushikana. Ya mtoni ni mviringo, na gurudumu huyasukuma pembeni. Katikati pawe na mgongo: kwa njia ya upana wa mita 3, painuke sentimita 6 kuliko kingo.

Njia ya mita 30 kwa 3 yenye unene huo ni mita za ujazo 13.5. Ongeza robo kwa sababu ya kushindilia, ufike kama 17, yaani takriban tani 25: safari nne za lori la tani 7.

Penye mwinamo mkali kokoto zitasombwa hata ukishindilia vipi. Hapo mimina mistari miwili ya zege ya kupitia magurudumu, na ukate vijitaro vya mshazari vya kutoa maji kando.

Fedha zikiwa kidogo, fupisha njia au gawanya kazi kwa misimu, lakini mtaro usiuahirishe. Uchimbe Januari au Februari, kabla ya mvua. Mvua ya kwanza ikinyesha, toka na jembe utazame maji yanakoelekea, na urekebishe palepale yanapotuama.