Mzee Ameomba Achomwe: Wazee Watauliza Atawekwa Wapi

Kaloleni, Kaunti ya Kilifi, kaburi haliko mbali na mlango. Huchimbwa pale pale bomani, karibu na minazi, na wajukuu hukua wakilipita kila siku. Ndiyo maana mzazi akiacha neno kwamba mwili wake uchomwe, swali zito kwenye kikao cha hanga, yaani matanga, haliwi la gharama wala la gari. Wazee huuliza: basi tutamweka wapi?

Wengi huona kuchoma maiti kuwa mila ya Wahindi, na kweli matanuri ya Kariokor jijini Nairobi ni yao, kama lilivyo lile la Mombasa. Lakini waliopita humo si Wahindi peke yao. Profesa Wangari Maathai alichomwa Kariokor Oktoba 2011, ndani ya jeneza la magugumaji, mafunjo na mianzi, kwa kuwa hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake. Mwanasiasa Kenneth Matiba alichomwa Lang'ata mwaka 2018. Mwanasheria Mkuu wa zamani Charles Njonjo, aliyefariki alfajiri ya tarehe 2 Januari 2022, alichomwa asubuhi iyo hiyo kama alivyotaka.

Njonjo aliwahi kuwaeleza watu wake mapema, na hapo ndipo familia nyingi hukwama. Nchini Kenya, maneno ya marehemu kuhusu mazishi yake hayawafungi walio hai kama unavyowafunga wosia wa mali. Mahakama huyapima pamoja na mila na haki za jamaa. Wakili S.M. Otieno alipofariki Desemba 1986, mkewe Wambui alitaka kumzika karibu na Nairobi, ukoo ukamtaka Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano, mjane akashindwa Mahakama ya Rufani, na mazishi yakafanyika Nyalgunga Mei 1987. Kwa hiyo anayetaka kuchomwa aandike, atie sahihi mbele ya mashahidi, kisha awaambie mwenyewe watoto, ndugu zake na mchungaji wake, wote wakisikiana.

Msiba ukitokea, karatasi huja kwanza. Aliyefia hospitali huandikiwa taarifa ya kifo hapo hapo. Aliyefia nyumbani, familia humwendea naibu wa chifu. Kutoka hapo hupatikana kibali cha mazishi. Kifo kikiwa cha ajali, cha ghafla au chenye shaka, polisi na daktari wa kupasua maiti lazima wamalize kazi yao kabla ya moto kuwashwa, kwa sababu kaburi hufukuliwa lakini majivu hayasemi. Kaunti ya Kilifi inalijua hilo kwa uchungu: zaidi ya miili 400 ilifukuliwa msitu wa Shakahola kuanzia Aprili 2023, ikahifadhiwa Malindi, na ni vipimo vya vinasaba vilivyowezesha familia za kwanza kukabidhiwa watu wao Machi 2024.

Tanurini, joto hupanda hadi kati ya nyuzi 800 na 1,000 za selsiasi. Mwili wa mtu mzima huchukua saa moja na nusu hadi tatu. Vinavyobaki ni vipande vya mifupa, ambavyo husagwa vikawa unga wa kijivu wenye uzito wa kilo mbili au tatu. Marehemu akiwa na kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, wahudumu wa mochari waambiwe wakitoe, maana betri yake huweza kulipuka motoni.

Dini nazo zina msimamo wake. Uislamu hauruhusu kuchoma maiti. Kanisa Katoliki liliruhusu mwaka 1963, na mwaka 2016 likakumbusha kwamba majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasimwagwe hewani wala baharini. Kwa Waanglikana wa Kenya, Askofu Mkuu mstaafu Manasses Kuria mwenyewe alichomwa mwaka 2005.

Likabaki swali la wazee. Mila ya Kigiriama, ya wenyeji wa Kaloleni, yenyewe ina la kusema hapa. Kigango, ule mti mrefu uliochongwa kwa heshima ya mzee wa chama cha Gohu, si jiwe la kaburi. Mara nyingi husimikwa muda mrefu baada ya mazishi, pengine baada ya marehemu kumjia mtu ndotoni akikidai, na kikishasimama hakihamishwi. Koma, yaani roho za wahenga, hutambikiwa pale, hata kama mifupa imelala kwingine. Vigango viwili vilivyoibwa katika boma moja mwaka 1985 vilipoonekana kwenye makumbusho ya Marekani, vilidaiwa hadi vikarudishwa, kimoja 2006 na cha pili 2007.

Familia inaweza basi kukubaliana kabla ya safari ya tanurini: nani atapokea majivu, na shimo litachimbwa wapi. Kilo zile mbili au tatu hubebeka mapajani mwa mtu mmoja kutoka Mombasa, kwa barabara ya Mazeras, kupita Rabai na Ribe, hadi minazini ambako kaburi dogo limekwisha kuchimbwa na watu wa hanga wanangoja.