Ulimi wa Mpishi Haupimi Pilipili ya Wageni

Sufuria moja ya gumbo hulisha watu kumi na wawili, na watu hao hawaji na ulimi mmoja. Magharibi mwa Sydney, kuanzia Auburn hadi Blacktown, meza ya Jumapili huweza kuwakutanisha shangazi aliyekulia Mombasa, jirani ambaye kwao pilipili haikuwahi kuingia jikoni, mfanyakazi mwenzako kutoka Kerala, na mtoto wa miaka mitatu. Mpishi akikoleza kwa kumfuata shangazi, nusu ya wageni watakula wali mtupu. Akimfuata mtoto, shangazi ataona chakula kimepooza.

Gumbo ni mchuzi mzito wa Louisiana, kusini mwa Marekani, na Waafrika waliopelekwa huko utumwani wana mkono mkubwa katika kuzaliwa kwake. Unga wa ngano hukaangwa kwenye mafuta mpaka ugeuke hudhurungi, kisha huingia kitunguu, seleri na pilipili hoho, halafu kuku, soseji au kamba, na mara nyingi bamia za kuupa uzito. Bamia si tatizo Sydney; maduka ya Wahindi ya Harris Park huziuza mbichi. Tatizo ni mwasho.

Mwasho huo hutokana na kapsaisini, kemikali ambayo pilipili huitengeneza kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu. Mbegu zenyewe huwasha kwa sababu zimegusana na utando huo, kwa hiyo anayekung'uta mbegu na kuuacha utando amejisumbua bure. Kapsaisini haina harufu, na mwasho wake si ladha kama tamu au chumvi. Ulimini hujishikiza kwenye kipokezi cha neva kiitwacho TRPV1, ambacho kazi yake ya kila siku ni kuuarifu mwili kwamba umeguswa na kitu chenye joto la nyuzi 43 za Selsiasi au zaidi. David Julius na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walikitambua kipokezi hicho mwaka 1997, na mwaka 2021 Julius akapata Tuzo ya Nobel ya Tiba pamoja na Ardem Patapoutian. Ubongo unapopokea taarifa hiyo huamini mdomo unaungua. Jasho, machozi na kamasi hutoka kwa pamoja, ingawa hakuna kilichoungua.

Kwa kuwa kipokezi ni kilekile, moto wa jikoni na ukali wa pilipili huongezeana nguvu. Mchuzi unaofuka mvuke huwasha kuliko mchuzi uleule ukishapoa kidogo. Asiyeweza pilipili apakuliwe mapema, sahani yake ikae kando dakika chache.

Kwa nini basi mmoja analia na mwenzake anaomba nyongeza? Urithi umo: utafiti wa mapacha wa Finland uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba jeni huchangia sehemu ya kuupenda au kutoupenda mwasho. Mazoea nayo yana nguvu, maana neva zinazokutana na kapsaisini mara kwa mara hupunguza makelele. Mwanasaikolojia Paul Rozin, aliyechunguza ulaji wa pilipili huko Mexico, aliona kwamba watoto hawalazimishwi. Huwatazama wakubwa wakila, wakaonja kidogo kidogo, mpaka siku moja wakaitaka wenyewe. Watoto wengi wa pwani yetu wamepita njia hiyohiyo, na mtoto aliyezaliwa Sydney naye anastahili muda huo.

Hapa ndipo wapishi wengi hodari hukosea, na si kwa kukosa ujuzi. Kapsaisini ina tabia mbili zinazopingana. Ukionja mfululizo bila kupumzika, mwasho hupanda kila kijiko. Lakini ukionja, ukaacha kwa dakika kadhaa, kisha ukarudi, ulimi huwa umeshakufa ganzi kwa pilipili, na kijiko kilekile kinaonekana chepesi. Sasa mtazame mpishi. Ameonja, amekwenda kumenya kamba, amepokea simu, amerudi kuonja. Anahisi pilipili haijakolea, anaongeza. Baada ya nusu saa anafanya hivyo tena. Mchuzi haukupungua ukali hata chembe; kilichopungua ni uwezo wa shahidi. Mgeni anayefika na ulimi ambao haujaguswa hupokea yote yaliyoongezwa, kwa mara moja.

Dawa yake ni kumpa mtu mwingine kijiko. "Wifi, hebu nionjee," na wifi awe hajakaa jikoni wala hajaonja kitu. Asipokuwapo mtu, mpishi aamue kiasi cha pilipili kabla hajawasha moto na asikibadilishe, aonje chumvi tu.

Tahadhari hiyo ina sababu nyingine. Kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, na gumbo huanza na mafuta. Ikishaingia humo husambaa mchuzi mzima, wala kuchemsha kwa saa mbili hakuiondoi. Viazi havichagui kunyonya ukali na kuacha mchuzi. Ndimu huupa mdomo jambo jingine la kushughulika nalo, lakini kapsaisini hubaki. Kinachopunguza kweli ni kuongeza wingi: supu zaidi, nyama zaidi, wali zaidi. Soma pia lebo. Soseji nyingi za moshi na viungo vya unga vinavyouzwa kwa ajili ya gumbo huwa na pilipili tayari, na mpishi huongeza yake juu akidhani ndiyo ya kwanza.

Kwa maoni yangu, sufuria ya wageni mchanganyiko ipikwe na ukali ambao mtu mzima asiyezoea anaweza kuula bila kushika glasi, na pilipili iliyobaki ikae mezani. Louisiana hufanya hivyo kwa chupa ya sosi kali inayopita mkono kwa mkono. Unguja na Mombasa hufanya hivyo kwa pilau: kachumbari, achari na pilipili ya kusaga hukaa pembeni, kila mmoja ajipimie. Mtoto wa miaka mitatu apakuliwe chake kabla hata hiyo kidogo haijatiwa.

Hiyo ya mezani nayo ijulikane ni ipi. Wilbur Scoville, mfamasia wa Marekani, alibuni kipimo cha ukali mwaka 1912. Hoho husoma sifuri. Jalapeño kati ya 2,500 na 8,000. Habanero, jamaa ya pilipili mbuzi, kati ya 100,000 na 350,000. Mwaka 2011 pilipili iliyokuzwa Morisset, kaskazini mwa Sydney, iitwayo Trinidad Scorpion Butch T, iliingia kwenye rekodi za Guinness kwa 1,463,700. Sosi ya pilipili za ukoo huo hupimwa kwa ncha ya kijiti, na mgeni aambiwe kabla hajaigusa.

Aliyekwisha kuungua asipewe maji. Huzungusha kapsaisini mdomoni bila kuiyeyusha. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walilinganisha vinywaji mwaka 2019, na maziwa yakafanya vizuri, yawe na mafuta au yameondolewa, jambo linaloonyesha kwamba protini yake ina kazi. Kinywaji kitamu cha matunda kilisaidia pia. Hilo ni muhimu kwetu, kwa sababu Waafrika wengi wakishakua tumbo halisagi sukari ya maziwa vizuri.

Kuna hofu moja inayofaa kuondolewa mezani. Watu wengi bado huamini kwamba pilipili huleta vidonda vya tumbo. Jibu lilitoka Australia hiihii. Huko Perth, Barry Marshall na Robin Warren walionyesha miaka ya 1980 kwamba vidonda vingi husababishwa na bakteria Helicobacter pylori. Marshall aliwanywa bakteria hao mwenyewe mwaka 1984, tumbo lake likavimba kwa ndani, na mwaka 2005 wawili hao wakapata Nobel. Sababu nyingine kubwa ni dawa za maumivu kama aspirini na ibuprofeni. Mwenye vidonda atafute vipimo na tiba. Kuacha pilipili tu hakutamponya. Hata hivyo, pilipili huweza kumchokoza mwenye kiungulia au utumbo unaosumbuka upesi, na mtu huyo akisema hapana, asibembelezwe.

Mwenye pumu naye afikiriwe kabla ya chakula kuiva. Pilipili ikikaangwa kwenye mafuta ya moto, hewa yake hukohoza nyumba nzima, hasa katika fleti ndogo zenye madirisha yaliyofungwa. Wanaotumia dawa za presha za kundi la enalapril hukohoa kwa wepesi zaidi kapsaisini ikigusa koo. Tia pilipili wakati supu imeshamiminwa, si kwenye mafuta makavu, na dirisha liwe wazi.

Ukipenda harufu ya pilipili mbuzi bila moto wake wote, iangushe nzima, isiyopasuka, dakika kumi za mwisho, kisha itoe kwa upawa. Itoe kabla hujaweka kiporo kwenye friji, maana ikilala humo ikapasuka, mchuzi wa kesho hautakuwa ule ambao wifi alikuonjea leo.