Jiwe la jikoni: Usinunue jina, nenda dukani na ndimu

KILA mwaka huwaonyesha wanafunzi wangu jaribio lile lile. Nachukua kipande cha jiwe la chokaa, nakidondoshea asidi, nacho kinatoa povu. Povu hilo ni gesi ya kaboni dioksaidi, na maana yake ni kwamba jiwe linaliwa. Nimelifanya jaribio hilo kwa zaidi ya miaka kumi na tano hapa Kigali. Hata hivyo, siku niliyokwenda kununua jiwe la kaunta ya jikoni kwangu Biryogo, sikubeba hata ndimu moja.

Nawaandikia hasa wenzangu tuliorudi nyumbani na kuanza kujenga, pamoja na ndugu zetu wanaopitisha vifaa vya ujenzi Rusumo na Kagitumba. Siku hizi jiwe la jikoni si la matajiri wa Nyarutarama peke yao. Hata huku kwetu, mtu akimaliza kuezeka, swali linalofuata ni la kaunta: tuweke saruji, makaro au jiwe?

Kwangu jiwe lilikuwa na sababu yake. Nilizaliwa Karagwe, mkoani Kagera, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, nikasoma huko hadi nikamaliza kidato cha nne Bukoba. Ada ilitoka kwenye chapati za mama, alizokuwa akizisukuma juu ya ubao, ameinama, tangu alfajiri. Mama alikuwa na miaka minane familia ilipokimbia mwaka 1961. Anakumbuka bibi akiliacha urusyo lake uani, lile jiwe la kusagia mtama, kwa kuwa jiwe halibebeki kichwani pamoja na mtoto mgongoni. Basi mwaka 2019 nilipopata mkopo wa Umwalimu SACCO kumalizia nyumba, nilijiambia kwamba mama, ambaye bado anauza chapati na sambusa hapa mtaani, atafanya kazi akiwa amesimama wima, mbele ya jiwe lake mwenyewe.

Nikaenda dukani nikaonyeshwa bamba jeupe lenye mistari ya kijivu. Muuzaji akaniambia ni graniti ngumu ya kutoka nje, haidhuriki na kitu chochote. Nikalipa.

Mwezi wa kwanza lilikuwa zuri kweli. Halafu nikaanza kuona kwamba mama haondoi sinia upande wa kulia wa kaunta. Nikifika jikoni, lipo. Usiku, lipo. Miezi mitatu hivi ilipita kabla sijaliinua mwenyewe ili nifute. Chini yake kulikuwa na mabaka ya mviringo yaliyofifia, kama jiwe limepigwa ukungu, na michubuko ya kusuguliwa. Mama alisimama mlangoni. Akasema, "Nisamehe mwanangu, nimekuharibia jiwe la mkopo." Alidhani ni uchafu wake. Alikuwa amelisugua kwa sabuni ya unga na steli waya wakati mimi nikiwa darasani nafundisha, miongoni mwa mambo mengine, asidi na mawe.

Mabaka yale yalikuwa ya ndimu. Sambusa za mama haziendi bila ndimu na pilipili, na alikuwa akizikatia pale pale juu ya jiwe. Nilidondosha tone moja pembeni, nikasubiri dakika chache, nikafuta. Alama. Haikuwa graniti bali marumaru.

Hapa niseme kwamba Kiswahili chetu chenyewe kinatuponza. Kwenye kamusi, marumaru ni lile jiwe la asili linalong'aa. Lakini ukienda Mwanza au Dar es Salaam ukaulizia marumaru, utaonyeshwa vigae vya sakafuni vilivyotoka kiwandani, ambavyo sisi Kigali tunaviita makaro. Na neno graniti wauzaji wengi hulibandika kwenye jiwe lolote linalong'aa. Nimeona watu wawili wakikubaliana kwa simu, mmoja Kigali na mwingine Tanzania, kila mmoja akiwa na kitu chake kichwani. Ndiyo maana nasema jina lisikununulie jiwe.

Graniti ya kweli ina chembechembe za madini tofauti zinazoonekana kwa macho, kama kwatzi na felspa, na hayo hayahofii ndimu wala siki. Marumaru ni kabonati ya kalsiamu, ndugu wa jiwe la chokaa, na asidi ya ndimu, siki, nyanya au soda huila ile sura yake ya kung'aa. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs chenye ngazi 10, kalsaiti ya marumaru ina 3, wakati madini ya graniti yana 6 hadi 7. Kwa hiyo ncha ya kisu itaikwaruza marumaru lakini graniti haitaikwaruza.

Omba kipande cha mabaki cha jiwe lile lile, usikubali cha kufanana nalo. Nenda nacho nyumbani kikalale jikoni. Kidondoshee ndimu, maji, mafuta ya mawese na bizari, kila kitu mahali pake. Asubuhi kitakuwa kimekwambia zaidi ya muuzaji. Tone la maji likilifanya jiwe liwe na rangi nzito ndani ya dakika kumi au kumi na tano, jiwe linanyonya na litahitaji kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo. Hata graniti nyingine hunyonya. Lakini dawa hiyo huzuia madoa tu. Haiizuii ndimu kuila marumaru, na atakayekwambia vinginevyo anataka kuuza dawa.

Kwa jiwe jeusi kuna ujanja mwingine: mawe ya kijivu hupakwa rangi au mafuta yaonekane meusi tii. Chukua kitambaa cheupe, kichovye kwenye asetoni, ile dawa ya kuondoa rangi ya kucha, usugue. Kitambaa kikitoka cheusi, aga uende zako.

Wafanyabiashara wa mpakani wana shida yao nyingine, nayo ni uzito. Bamba la graniti lenye unene wa sentimeta 2 lina takriban kilo 54 kwa kila mita ya mraba. La sentimeta 3 hufika kilo 80 hivi. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigali ni zaidi ya kilomita 1,400, na bamba lililolazwa chali kwenye lori hupasuka kwa uzito wake lenyewe kabla ya kuiona Rusumo. Jiwe husafirishwa limesimama kwa ubavu, likiegemea fremu na kufungwa barabara. Kama limeshatobolewa tundu la sinki, ni hatari zaidi. Heri tundu likatwe hapa. Tena, jiwe la India lililopitia bandari ya Dar es Salaam haligeuki kuwa bidhaa ya Afrika Mashariki. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya, kile cha mizigo isiyozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa humu humu. Nimesikia watu wakilia mpakani kwa kutolijua hilo. Na kwa nini twende mbali? Graniti imo ardhini kwetu, na huko Nyagatare kulijengwa kiwanda cha kuikata katika miaka ya 2010.

Asiye na fedha ya jiwe asione haya kuweka terazo, yaani vipande vya mawe ndani ya saruji, vikasagwa na kung'arishwa. Ni nzuri na mafundi wake ni wengi. Ila ikumbukwe kwamba saruji nayo huliwa na asidi.

Matunzo si mambo makubwa. Maji ya vuguvugu, sabuni laini ya vyombo, kitambaa, kisha kukausha. Dawa ya kung'arishia nguo, siki na sabuni za kusugulia zikae mbali. Sufuria ya moto iwekewe kitu chini. Graniti huvumilia joto, lakini joto la ghafla mahali pamoja linaweza kuipasua, na yale mawe yaliyotengenezwa kwa kwatzi na gundi huungua. Doa la mafuta hutolewa kwa kupaka uji mzito wa magadi ya kuokea, kuufunika kwa plastiki usiku kucha, na kurudia ikibidi. Na watoto wasipande juu ya kaunta, hasa karibu na sinki, ambako jiwe ni jembamba.

Kuhusu jiwe letu, fundi alisema anaweza kulisaga na kulirudishia mng'ao. Mama akakataa, akasema mkopo haujaisha. Tulifanya hivi: upande wa sinki na ndimu tukaweka kipande cha graniti ya kijivu kutoka kwenye mabaki ya karakana, na marumaru ikabaki ya kusukumia chapati. Kwa kazi hiyo haina mpinzani, kwa sababu ni ya baridi na unga haulegei upesi. Sinia limerudi kabatini.

Jirani yetu wa nyuma anamalizia nyumba na ameonyeshwa bamba jeupe, anaambiwa ni graniti. Jumamosi ataenda kulitazama tena. Mama amesema anafuatana naye, na ndimu ameshaziweka mkobani.