Fundi Aijua Kazi, Lakini Nani Amsaidie Kuifundisha?

Kwetu pwani ukimwambia mzee kwamba mtoto amekwenda chuoni, yeye humwona mtoto mwenye kofia na juzuu kwapani. Litaje neno hilo hilo mjini Nyeri, chini ya Mlima Kenya, na watu humwona kijana mwenye ovaroli, anajifunza umeme au mitambo. Neno ni moja, vyuo viwili. Hata hivyo, swali linalowakabili wakufunzi wa Nyeri siku hizi limekwisha kujibiwa, walau nusu yake, juu ya mkeka wa chuo chetu.

Kwanza tuvijue vyuo vyenyewe. Mwaka 1972 Kimathi, chuo cha teknolojia cha Nyeri, kilianza kwa harambee ya wananchi. Mwaka huo huo, hapa Mombasa, ile MIOME ya Tudor, ambayo tangu miaka ya 1950 ilikuwa ikiwafunza vijana wa Kiislamu kazi za ufundi, ilikuwa Mombasa Polytechnic. Tangu hapo vyuo hivi viwili vimekwenda kama mapacha. Mwaka 2007 vyote vilifanywa vyuo vishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia. Desemba 2012 Nyeri wakapata Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, na Januari 2013 Mombasa ikapata chuo kikuu chake cha ufundi. Nyeri na Meru zina politekniki za taifa pia, kama tulivyo nayo sisi.

Majengo huinuka upesi. Mfundishaji hainuki upesi hivyo.

Tuseme kuna kiwanda cha chai kwenye mteremko wa mlima, na mota ya umeme imesimama saa nane za usiku. Majani mabichi yamekwisha kutandazwa yanyauke, na majani hayamngoji mtu. Fundi aliyekaa na mota miaka ishirini ataisikiliza, atainusa, atajua. Sasa mwambie fundi huyo, "Bwana, kuanzia Jumatatu utawasomesha vijana arobaini kwa majuma kumi na mawili." Atafanya nini maskini? Atafanya kama alivyofanyiwa. Atafukua daftari lake la zamani, ajaze ubao kanuni za umeme tangu juma la kwanza hadi la nane, na mota yenyewe vijana wataiona juma la tisa, arobaini wameizunguka kama watu waliozunguka ajali barabarani.

Sisemi haya kwa kumcheka. Mimi mwenyewe nilisomeshwa hesabu za biashara na bwana mmoja aliyeijua kazi yake barabara. Kila mwisho wa somo aliuliza, "Mmeelewa?" nasi darasa zima tukajibu, "Ndiyo, mwalimu." Hatukuelewa. Ada ya kurudia mtihani mama yangu aliilipa kwa kuuza mahamri.

Kwa ajili ya shida kama hii ilizuka kazi ya mtu wa kukaa na mkufunzi na kumsaidia kupanga somo. Ilipata nguvu Marekani wakati wa Vita Vikuu vya Pili, jeshi lilipohitaji kufunza watu wengi kwa muda mfupi. Mmoja wa waliotumika humo alikuwa Robert Gagné, mwanasaikolojia, ambaye mwaka 1965 alitoa kitabu juu ya masharti ya kujifunza ambacho wenye kazi hii hukitegemea hata leo.

Msaidizi huyu si lazima ajue mota. Kazi yake ni kuuliza. "Siku ya mwisho, kijana huyu atafanya nini mbele ya macho yako, ambacho leo hawezi?" Mkufunzi atajibu, "Ataielewa mota." "Kuelewa sikuoni kwa macho. Atafanya nini?" Baada ya kuvutana kidogo, fundi atasema: ataletewa mota mbovu, atatafuta kosa, atalitengeneza, wala hatajiua kwa umeme. Basi huo ndio mtihani, na umepatikana kabla ya somo la kwanza. Toka hapo hurudi nyuma hatua kwa hatua: ili aweze hili, aweze lipi kwanza? Zile kanuni za umeme hazitupwi. Huletwa siku kijana anapozihitaji, mota ikiwa mezani.

Serikali yenyewe imeelekea huko. Sheria ya mwaka 2013 ya mafunzo ya ufundi ilianzisha baraza la kutunga mitaala na kupima wanafunzi, na mitaala hiyo hutaka kijana aonyeshe kazi, si maneno peke yake. Ni jambo jema. Lakini mtaala humwambia mkufunzi kijana aweze nini. Haumwambii Jumanne asubuhi aanze na lipi, akiwa na vijana arobaini na mota mbili. Na katika vyuo vikuu, kanuni zilizotolewa mwaka 2014 zilimtaka mhadhiri awe na shahada ya uzamivu, shahada ambayo ni ushahidi wa utafiti. Ya kusomesha ni habari nyingine. Vyuo vilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wengi walilihamisha daftari lile lile hadi kwenye kompyuta wakaiita kozi mpya.

Sasa turudi mkekani. Mtoto wa chuo hasogei mbele kwa kuwa juma limekwisha. Husogea akishasoma peke yake mbele ya mwalimu na kusikizwa. Mwenzake yu mbele yake, mwingine nyuma, na mkubwa humshika mdogo. Mwaka 1968 Benjamin Bloom, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliandika kwamba wanafunzi walio wengi wanaweza kulimudu somo wakipewa muda na msaada wanaouhitaji. Waalimu wetu hawakumsoma Bloom. Nasi tuseme kweli, chuo chetu kilikuwa na bakora, na wengi tulihifadhi tusiyoyajua maana yake. Juu ya hayo, mwalimu wa chuo hakuwekewa majuma kumi na mawili.

Fundi wetu wa chai amewekewa. Ndiyo maana msaada anaouhitaji ni alasiri mbili tatu za kukaa na mtu wa kumuuliza, kabla ya muhula kufunguliwa, na kikao kingine katikati, wakishaona vijana wamekwama wapi. Alasiri hizo ndizo adimu. Mara nyingi mkufunzi hupewa somo Ijumaa, na Jumatatu saa mbili vijana wamekwisha kuketi.